Bustani ya Mboga Karibu na Mlango

(Mazungumzo kwa wenyeji wa Thika, Ruiru na vijiji vya kandokando)



Mazungumzo haya yahusu jambo dogo lililo karibu sana na mlango wa kila nyumba, nalo ni bustani ya mboga. Huenda mtu akadhani kwamba bustani ni kazi ya wakulima wenye mashamba makubwa, au ya wanawake peke yao, au ya watoto wa shule. Sivyo hata kidogo. Ni kazi ya kila mtu ambaye nyumbani kwake chakula hupikwa, na hasa ni kazi ya mtu akaaye Ruiru, Juja au Thika, mahali ambapo shamba limegeuka kuwa mji mbele ya macho ya watu.

Wazee wa sehemu hizi wakumbuka vizuri jinsi nchi ilivyokuwa. Kutoka Ruiru kwenda juu kulikuwa na kahawa bonde hata bonde. Kandokando ya Thika kulikuwa na mkonge, na baadaye mananasi, ambayo yalianza kutiwa makoponi katika kiwanda cha Thika mwaka 1948. Hapo Ruiru ndipo wataalamu wa kahawa walipofanya uchunguzi wao kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, yenye nguvu ya kushindana na ugonjwa wa matunda na ugonjwa wa kutu ya majani. Kwa hiyo jina la mji huu lajulikana na wakulima wa kahawa wa nchi nyingine pia.

Lakini mji umekua upesi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Ruiru ilionekana kuwa na watu 490,120, na Thika watu 251,407. Barabara kuu ya kutoka Nairobi hata Thika ilimalizika mwaka 2012, na tangu hapo mtu aweza kufanya kazi Nairobi na kulala Ruiru. Mashamba ya kahawa yamekatwa vipande, na kipande kinachouzwa zaidi ni kile cha futi 50 kwa futi 100, ambacho watu hukiita thumni ya ekari. Mwenye kukipata hujenga nyumba, akajenga na vyumba vya kupangisha, kisha sehemu iliyobaki akaitia saruji kutoka ukuta mmoja hata mwingine, ili pasiwe na tope wakati wa mvua.

Hapo ndipo penye neno la leo. Shauri lenyewe ni moja tu: mwenye ploti asiitie saruji ploti yote. Aache kipande kimoja cha udongo karibu na mlango wa jikoni, akilime.

HESABU YA KIPANDE

Watu wengine husema, "Chumba kimoja cha kupangisha huleta fedha nyingi kuliko sukuma wiki." Hesabu yao ni ya kweli, wala haifai kubishana nao. Lakini na watazame vema ploti zao. Mahali panapotiwa saruji pasipo jengo juu yake hapaleti kodi yoyote. Ni mahali pa kuanikia nguo, pa kupitia na pa kukaa jioni. Bustani haikusudiwi kuchukua mahali pa chumba. Yachukua mahali pa saruji isiyozaa kitu.

Ploti ya futi 50 kwa futi 100 ni futi za mraba 5,000. Bustani ya futi 10 kwa futi 20 ni futi za mraba 200, yaani sehemu moja katika sehemu 25. Katika bustani hiyo mtu aweza kufanya matuta manne, kila tuta upana wake futi 4 na urefu wake futi 10, pamoja na njia nyembamba ya futi 1 kando ya kila tuta. Upana wa futi 4 una maana yake: mtu aliyesimama njiani aweza kufikia katikati ya tuta kwa mkono bila kuukanyaga udongo. Udongo usiokanyagwa hubaki mwepesi, na mizizi hupita ndani yake bila taabu.

Katika tuta la namna hiyo, sukuma wiki hupandwa mistari 3, kila mstari miche 7, kwa nafasi ya futi moja na nusu kati ya mche na mche. Jumla yake ni miche 21. Mwenye bustani akivuna majani ya chini tu na kuyaacha ya juu yaendelee kukua, mche mmoja utampa mboga kwa miezi mingi. Tuta la pili na liwe la maharagwe au kunde, la tatu la vitunguu na karoti, na la nne la mchicha na mnavu. Baada ya kila msimu mboga zihamishwe, tuta la maharagwe lipate sukuma wiki, na la sukuma wiki lipate vitunguu. Kwa kufanya hivyo wadudu na magonjwa yaliyobaki udongoni hukosa chakula yalichokizoea, nayo maharagwe na kunde huuachia udongo rutuba.

Haifai kuwadanganya watu kwamba matuta manne yatatosheleza kila hitaji la nyumba. Shirika la Afya Duniani lashauri kila mtu mzima ale gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Watu 6 wakila kiasi hicho ni karibu kilo mbili na nusu kwa siku, na bustani ndogo haiwezi kutoa zote. Hata hivyo itatoa mboga ya majani mara nyingi katika juma, na siku fedha zinapokosekana nyumbani, chungu hakitakosa kitoweo. Jina lenyewe la sukuma wiki lilitokana na haja hiyo ya kusukuma siku mpaka mshahara ufike. Haba na haba hujaza kibaba.

UDONGO NI WA NAMNA MBILI

Mtu wa sehemu hizi na ajue kwanza analima udongo wa namna gani. Upande wa juu, palipokuwa na kahawa, udongo ni mwekundu, wa kina kirefu, nao hupitisha maji vizuri. Upande wa Juja na tambarare zinazoelekea Athi kuna udongo mweusi, ambao wakati wa mvua hunata miguuni kama gundi, na wakati wa jua hupasuka nyufa ambazo mkono huweza kuingia.

Mwenye udongo mwekundu aweza kupanda tambarare, na wakati wa kiangazi hata kushusha tuta lake kidogo chini ya usawa wa njia, ili maji ayatiayo yasikimbie. Mwenye udongo mweusi hana budi kuyainua matuta yake juu na kuchimba mfereji kando yake, kwa sababu mizizi ikikaa majini siku nyingi huoza. Naye asilime udongo huo ukiwa majimaji wala ukiwa mkavu kabisa. Na angoje siku ile ambayo donge likibanwa mkononi huvunjika bila kunata.

Udongo wote wa namna hizi mbili wapenda mboji. Mboji hufanywa kwa takataka za nyumba zilizo za asili ya mimea, kama maganda ya ndizi na viazi, majani, magugu yasiyo na mbegu na nyasi kavu. Hupangwa tabaka kwa tabaka: chini vijiti, kisha majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi ya kuku au ya ng'ombe, kisha udongo kidogo na majivu. Rundo hutiwa maji na kufunikwa. Fimbo ndefu huchomekwa katikati, na baada ya siku chache huchomolewa na kuguswa. Ikiwa ya moto, kazi yaendelea. Ikiwa kavu, rundo lataka maji. Rundo likigeuzwa mara kwa mara, baada ya miezi kama mitatu hugeuka kuwa udongo mweusi mwepesi wenye harufu nzuri ya msitu baada ya mvua.

Samadi mbichi, hasa ya kuku, haifai kutiwa moja kwa moja kwenye miche, maana huiunguza mizizi, na juu ya mboga ya majani huweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Na iachwe ioze kwanza. Vilevile mtu asipande mboga mahali palipomwagwa oili ya magari, wala kando ya mtaro wa maji machafu, ijapokuwa mboga za hapo huonekana kunawiri. Sumu haionekani kwa macho, nayo hupita kwenye mizizi ikaingia katika jani, na kutoka katika jani ikaingia katika mwili wa mtoto.

MAJI YA PAA

Mvua za sehemu hizi hunyesha mara mbili kwa mwaka. Mvua ndefu ni za Machi hata Mei, na mvua fupi ni za Oktoba hata Desemba. Mwenye bustani mwerevu hupanda mbegu zake kitaluni mwezi mmoja kabla, yaani Februari na Septemba, ili mvua zikishika, miche iwe tayari kuhamishwa. Miche na ihamishwe jioni, jua likiwa limepoa, ili ipate usiku mzima wa kujishikiza.

Lakini katikati ya misimu hiyo kuna kiangazi, na hapo ndipo bustani nyingi hufa. Watu hulalamika kwamba maji ya mfereji hayatoshi, na huku maji ya mvua yaliacha paa lao yakapita uani na kukimbilia barabarani. Hebu hesabu hii isikilizwe. Kila milimita moja ya mvua iangukayo juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 5 kwa mita 6 ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya saa chache tu, hutoa katika paa hilo lita 300. Tuta moja la futi 4 kwa futi 10 lahitaji mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku ya jua kali, na matuta manne ni lita 80. Basi mvua ya alasiri moja, ikikingwa kwa mfereji wa bati na mapipa, yaweza kunywesha bustani nzima karibu siku 4.

Pipa na lifunikwe barabara, ili mbu wasitage ndani yake na mtoto asitumbukie. Maji yaliyooshea mboga na mchele na yatiwe bustanini pia, lakini maji yenye sabuni nyingi na dawa ya kung'arishia nguo yasitiwe. Na juu ya tuta na patandazwe nyasi kavu au majani ya mgomba. Matandazo hayo huufunika udongo usipigwe na jua, huzuia magugu, na mwisho huoza yakawa chakula cha mmea.

MBOGA ZA WAZEE

Kwa miaka mingi watu waliosoma walizidharau mboga za asili. Mchicha, ambao Wakikuyu huuita terere, mnavu, ambao huitwa managu, mgagani, kunde na majani ya malenge, zote zilihesabiwa kuwa magugu au chakula cha maskini, na sifa zikapewa kabichi. Lakini mboga hizi zimeizoea nchi hii. Hulijua jua lake na mvua zake, na huhitaji dawa kidogo kuliko kabichi.

Wataalamu sasa wanazisifu. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, Profesa Mary Abukutsa-Onyango alifanya uchunguzi wa miaka mingi juu ya mboga za Kiafrika, mbegu zake na faida zake mwilini. Mwaka 2007 ilianzishwa kazi ya kukusanya na kuhifadhi maarifa ya vyakula vya asili vya Kenya, na mwezi wa Desemba 2021 shirika la UNESCO likaitia kazi hiyo katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuigwa na mataifa mengine. Mbegu ambazo bibi wa kijijini alizifunga katika kitambaa na kuzitundika juu ya meko zimepata heshima ya ulimwengu.

Kwa mtu anayeanza, hakuna mboga iliyo njema kuliko mchicha. Mbegu zake ni ndogo sana, basi huchanganywa na mchanga mkavu na kunyunyizwa katika mistari, na baada ya juma tatu au nne majani ya kwanza huwa tayari kuchumwa. Kunde nazo hutoa majani ya mboga kwanza na maharagwe yake baadaye. Mnavu wataka uangalifu mmoja: matunda yake mabichi ya kijani yana sumu, na watoto wakatazwe kuyala. Kila mwenye bustani na aache mimea michache mizuri ipate kuzaa mbegu, asiichume hata kidogo, maana mtu mwenye mbegu zake mwenyewe hamngoji mwenye duka.

GUNIA LA MPANGAJI

Je, mtu asiye na ploti na afanyeje? Wengi wa watu wa Ruiru na Thika ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili, nao hawana ruhusa ya kuchimba hata shimo la mche. Kwa hao liko gunia.

Gunia imara la kilo 90 hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Katikati husimamishwa mkebe mkubwa usio na kitako, ambao hujazwa mawe madogo. Udongo hutiwa kandokando ya mkebe, kisha mkebe huvutwa juu kidogo, ukajazwa mawe tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Mkebe ukiondolewa, hubaki nguzo ya mawe kutoka juu hata chini, na maji yakimwagwa juu yake hufikia udongo wote. Kando ya gunia hutobolewa matundu kwa kisu, na katika kila tundu hupandwa mche. Juu hupandwa vitunguu au dania. Gunia moja huweza kubeba miche 30, nalo halichukui nafasi kubwa kuliko kiti. Mpangaji akihama, aweza kulipakia katika mkokoteni pamoja na vyombo vyake.

Njia hii imekwisha jaribiwa katika mahali penye shida kubwa. Baada ya machafuko ya mwanzo wa mwaka 2008, chakula kilipokuwa ghali Nairobi, familia nyingi za Kibera zilipanda mboga katika magunia. Tena mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Wizara ya Kilimo ya Kenya ilianzisha mpango wa bustani za jikoni milioni 1. Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Katika vita kuu ya pili, iliyoanza mwaka 1939, watu wa Uingereza walichimba bustani zao za maua na hata viwanja vya kupumzikia vya mji wa London, wakapanda viazi na kabichi. Taabu ikija, watu wa kila taifa hukumbuka udongo. Afadhali kuukumbuka kabla ya taabu.

WAGENI WA BUSTANI

Faida ya bustani haiishii tumboni. Mtu akiacha kipande cha udongo, asubuhi yake hubadilika. Alfajiri kwarara hupita angani wakipiga kelele zao, kisha hutua na kuchoma udongo kwa midomo yao mirefu wakitafuta funza na nyungunyungu. Penye maua, chozi hufika, ndege mdogo anayemetameta kama chuma kilichosuguliwa, akifyonza utamu wa ua. Kwera hurarua majani membamba ya nyasi na kusuka viota vyao. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini jioni na kuzizunguka taa. Mtoto aliyezaliwa katika uwanja wa saruji tupu hayaoni haya, ijapokuwa yanapita juu ya paa la nyumba yao.

Katika wageni hao wamo maadui, nao ni lazima wajulikane. Vidukari hujibanza chini ya majani ya sukuma wiki na kuyakunja. Na waoshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha yamwagwe maji safi. Viwavi wakatao miche usiku hujificha udongoni karibu na shina. Asubuhi na watafutwe kwa kidole na kuuawa. Majivu yakinyunyizwa kuzunguka miche huwazuia wengi. Kuzumburu, yule ndege mwenye mkia mrefu, hupenda majani machanga, na wavu wa zamani wamtosha.

Lakini wapo na marafiki, na mara nyingi hao huuawa kwa kutojua. Yule mdudu mdogo mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, hula vidukari kwa wingi, na watoto wake hula zaidi. Kinyonga naye huogopwa, na hadithi za kale za watu wengi wa Afrika humlaumu kwa kuchelewesha ujumbe aliotumwa kuwapelekea wanadamu. Basi iwe hadithi. Bustanini kinyonga hana sumu na hana kosa. Kazi yake ni kukamata nzi na panzi kutwa nzima bila ujira. Mwenye kupiga dawa kali huwaua marafiki pamoja na maadui, na maadui ndio hurudi kwanza. Pale ambapo dawa haikuepukika, na asome maandishi ya chupa, apime kiasi chake, na angoje siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma.

MITO MIWILI, BAHARI MOJA

Kuna jambo jingine la kufikiriwa na wenyeji wa miji hii miwili. Kutoka Ruiru hata Thika ni kama kilomita 20 tu, lakini maji yake hayaendi njia moja. Mto Ruiru huingia katika Mto Nairobi, nao huingia katika Athi. Athi huendelea kwa jina la Galana, kisha Sabaki, na kufika baharini karibu na Malindi. Mito ya Chania na Thika, ambayo maporomoko yake hutazamwa na wageni, hukutana mjini Thika, na maji yake huenda hata Tana, ambayo huingia baharini karibu na Kipini.

Mvua inapopiga juu ya saruji, maji hayana pa kuingia. Hukimbia kwa nguvu, huchukua takataka na udongo wa barabarani, na kuvitupa mtoni. Udongo wa upande wa Ruiru huugeuza mto kuwa mwekundu hata pwani. Udongo wa upande wa Thika huenda kulala katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 kwa ajili ya umeme na maji, na kila mwaka hupunguza nafasi ya maji ndani yake. Lakini mvua inapopiga juu ya bustani yenye matandazo, maji huzama polepole. Bustani moja haiwezi kuuokoa mto. Ploti elfu zenye bustani ni jambo jingine.

Watu wengi hufikiri kwamba kutazama uzuri wa nchi ni kwenda mbali kwa gari, Mara au Tsavo, kwa fedha nyingi. Mwenyeji wa Thika ana maporomoko ya Chania karibu na mji wake. Ana Maporomoko Kumi na Manne katika Mto Athi, na juu yake mlima wa Ol Donyo Sabuk, uitwao pia Kilimambogo, ambao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967. Ana kifabakazi, mti wa maua mekundu kama moto, ambao Elspeth Huxley aliutaja katika jina la kitabu chake juu ya Thika cha mwaka 1959. Mtu aliyezoea kutazama chozi bustanini kwake ndiye atakayeviona vitu hivi vizuri atakapovitembelea, kwa sababu macho yake yamekwisha funzwa.

Tena Thika ina mahali pa mugumo. Husimuliwa kwamba nabii wa Wakikuyu, Mugo wa Kibiru, alitabiri kuwa siku mti ule utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Husimuliwa pia kwamba watawala waliposikia hayo waliuzungushia mti ukuta wa saruji usianguke. Mugumo ulianguka mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, na mahali pake pamehifadhiwa kuwa bustani. Wazazi wawapeleke watoto wao huko, wawaeleze habari hiyo.

KUANZA

Maarifa ya kazi hii si mapya. Chuo cha Jeanes huko Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1925, kiliwafundisha walimu pamoja na wake zao utunzaji wa nyumba na bustani. Vyama vya 4-K vya watoto wa shule, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962, vikalala usingizi, na vikafufuliwa mwezi wa Juni 2021. Bwana shamba na bibi shamba wa Kaunti ya Kiambu wapo, na kazi yao ni kuulizwa. Na waulizwe.

Yafaa mwenye nyumba aanze na tuta moja, si manne. Jumamosi hii na apime futi 4 kwa futi 10 mahali penye jua angalau nusu ya siku, achimbe kina cha jembe, achanganye ndoo chache za mboji au samadi iliyooza, apande mchicha na kutandaza nyasi kidogo. Baba na akinge maji ya paa, mama na achague mbegu, watoto na wapewe mstari mmoja ulio wao, wauangalie wenyewe. Baada ya mwezi mmoja watachuma. Tuta la pili litafuata bila kuhimizwa.

Na yule ambaye bado hajamaliza kujenga, na fundi wake amekwisha agiza saruji ya uani, amwambie angoje siku moja. Achukue kamba na vigingi, apime futi 10 kwa futi 20 karibu na mlango wa jikoni, amwonyeshe fundi na kumwambia kwamba hapo hapatiwi saruji. Saruji ikikwisha mwagwa, kuupata tena ule udongo ni kazi ya nyundo na gharama nyingi, na watu wengi hawairudii kazi hiyo maisha yao yote. Lakini kamba na vigingi vyapatikana leo.

Kwaherini, na mvua zinazokuja ziwakute tayari.